Koleo la Tiketi

Miaka ishirini na sita dirishani, stesheni ya Iyunga,
niliwauzia umbali watu wenye mabegi:
Makambako, Mlimba, Ifakara, Dar;
upande wa pili Tunduma, Mpika, Kapiri Mposhi.
Nauli ya kila kituo ilikaa kichwani
na sikujua kilichopo nyuma ya choo changu.

Nesi Tusekile wa kliniki ya sukari
akaandika kwenye kadi, mahali pa dawa ya tatu:
Tembea. Nusu saa. Kila siku.
Nikamuuliza, kwenda wapi?
Akanitazama kama nimeuliza bei ya hewa.

Basi. Njia ya kwanza
inaanzia jirani anapomwaga maji ya vyombo,
inapasua mahindi ya ndugu wawili wasiosalimiana,
inateremka hadi kijitoni
ambako ubao mmoja, zamani mlango
(kitasa bado kipo, nimekishika),
unavusha mtu mmoja mmoja.
Dakika saba. Umande hadi magotini.

Ya pili ni ya wanafunzi wanaochelewa:
haina kona hata moja.

Ya tatu inafuata reli
na hapo miguu ilinigomea.
Mataruma hayakupangwa kwa hatua ya binadamu;
ukikanyaga kila moja unatembea kama kuku,
ukiruka moja unatembea kama mwizi.
Niliwapeleka maelfu juu ya vyuma hivi
nami nimeketi.

Juni ukungu ulishuka, ukaula Loleza wote,
ukabakiza mbwa wanaobweka na harufu ya moshi wa mikaratusi.
Nilitembea kwa masikio.
Hapa kinu cha kusaga. Hapa mtu anapasua kuni, anapumzika, anapasua.
Hapa hodi, hodi, na mlango usiofunguka.
Sikuwahi kuujua mtaa wangu hivyo,
kipande kwa kipande,
kama mtu anayeonja mboga gizani.

Agosti, bwana mmoja akajenga ukuta
juu ya njia yangu ya kwanza.
Bloku kozi kumi, chupa zilizovunjwa juu yake.
Nilirudi nyumbani nimenuna kama abiria
aliyeambiwa treni itaingia kesho.
Nikamshtakia Sekela, alimaye viazi ukingoni.
Hakuliacha jembe.
"Ile haikuwa njia, mama. Yalikuwa mazoea.
Wewe ngoja."
Siku ya tisa, majani yalikuwa yamelala
kandokando ya ukuta, upana wa unyayo mmoja.
Siku ya kumi na mbili, wa nyayo mbili,
na mtu alikwisha dondosha ganda la muwa.

Kuna jambo sijamwambia nesi.
Mfukoni mwa koti natembea na koleo langu la tiketi.
Nilipostaafu walihesabu funguo, mihuri, kiti, kalenda;
koleo hawakuliulizia, nami sikuwakumbusha.
Mwanzoni mwa kila njia nachuma jani la mkaratusi,
natoboa: tk!
Mwishoni naliacha chini.
Ndiyo, ni upuuzi.
Lakini safari isiyotobolewa, kwangu,
ni mtu amepanda bila nauli.

Jana mtoto wa Sekela, Ambele,
alinisubiri penye ubao wenye kitasa,
majani kumi na manne kiganjani,
kila moja na tundu lake la duara.
"Bibi, ni mdudu gani huyu?
Anakula padogo tu, halafu anaacha."

Nikayageuza majani, nikayatazama kwa makini
kama nilivyotazama noti zenye mashaka.
Nikamwambia: ni mdudu mzee wa stesheni.
Haumi. Hutoka asubuhi.
Akauliza huwa anakwenda wapi.

Nikaona aibu kumjibu "hapa hapa",
nikatoa koleo,
nikamwambia achume jani lake.